Gauni la Mjamzito Nililovaa kwa Wivu

Bwana asifiwe, wana wa Mungu wa hapa Kisarawe. Asanteni kwa kuitikia kwa nguvu. Nitawaomba muitikie tena nikimaliza, na sina hakika kama sauti zitakuwa nyingi hivi.

Mimi naitwa Veronika, mke wa Elia, mkwe wa mama yule aliyekaa benchi la pili mwenye kilemba cha kijani. Mama, shikamoo. Mwaka juzi mama yangu huyu alisimama hapa hapa niliposimama, mkononi ana kuku na kikapu cha mihogo, akamshukuru Mungu kwa ajili ya mjukuu aliye njiani. Mlipiga vigelegele. Mchungaji akaomba. Ndugu zangu, mjukuu yule hakuwepo. Hakufa, wala mimba haikuharibika kama wengine mlivyoambiana kwa upole. Hakuwahi kuwepo. Mama hakuwadanganya ninyi, mimi ndiye niliyemdanganya yeye, naye akauleta uongo wangu madhabahuni pamoja na kuku wake. Kabla sijashukuru, nimekuja kuutoa hapo ulipowekwa.

Mjue kwanza mimi ni mtu wa namna gani. Nina wivu. Sisemi nilikuwa nao, nasema ninao, na leo asubuhi nimepiga nao mswaki. Tangu utoto wangu Njombe, dada yangu akinunuliwa viatu, miguu iliyouma ilikuwa yangu. Nilipoolewa nikahamia Kibaha, nikafungua kaduka kangu ka madaftari na kalamu pale Sofu, nikafikiri yale yameisha. Kumbe yalikuwa yanamsubiri Edina.

Edina ndiye yule pale mlangoni anayemtuliza mtoto. Tunaishi naye Mkuza, nyumba mbili kutoka kwangu, na tunaimba kwaya moja, sauti ya kwanza wote wawili. Mimi na Elia tulikuwa na miaka sita ya ndoa bila mtoto. Edina aliolewa, na hata picha za harusi hazijatoka studio, tayari anatema mate kwenye kopo. Ndugu zangu, nilimwonea wivu mpaka wa lile kopo. Akivimba miguu, naona wivu. Akisinzia mazoezini, naona wivu. Mwalimu wa kwaya akasema mama mjamzito asisimame muda mrefu, akampa kiti, nasi wengine tukaendelea kusimama. Nilikiangalia kile kiti cha plastiki mpaka nikakosa maneno ya wimbo.

Wakati huohuo tumbo langu nami lilikuwa linakua. Akina baba mnisamehe kwa haya nitakayosema, lakini nanyi mna wake na mabinti. Siku zangu zilikuwa zinachukua siku kumi, na damu inatoka kwa mabonge. Nilikuwa nachafua mashuka kila mwezi, na Elia mume wangu, Mungu ambariki, ndiye aliyeyafua na kuyaanika, maana mimi nikiinama naona kizunguzungu. Nilishapimwa miaka miwili nyuma. Daktari akaanza kuniambia nina uvimbe kwenye kizazi, na hajamaliza sentensi nikawa nimeshachukua mkoba wangu. Shangazi yangu alifanyiwa upasuaji wa uvimbe, akarudi nyumbani bila kizazi. Nikajua uvimbe maana yake ni hiyo. Nikasema bora nikae na uvimbe wangu na kizazi changu, kuliko kukosa vyote. Sikurudi tena hospitali.

Basi ikaja habari ya sare mpya ya kwaya. Tulienda kwa fundi wetu Kongowe, fundi Shabani, kundi zima la akina mama. Fundi anapima, anaandika kwenye daftari lake. Alipofika kwa Edina aliandika vipimo, halafu pembeni akaandika "mjamzito", maana yake gauni liwekwe mikunjo mbele, tumbo lipate nafasi. Nyuma ya Edina nilikuwa mimi. Akazungusha futi kiunoni, akaangalia namba, akaangalia uso wangu, akatabasamu. Hakuniuliza. Aliandika "mjamzito" kama alivyoandika kwa Edina, akasema, "Hongera mama, mlikubaliana na mwenzio, au?"

Akina mama walipiga makofi. Mmoja akanikumbatia. Nilifungua mdomo niseme hapana. Macho yakaangukia lile daftari, nikaona namba yangu ya kiuno ni kubwa kuliko ya Edina. Ndugu zangu, nawaambia ukweli mbele za Mungu, nilifurahi. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimempita kwa kitu. Nikafunga mdomo.

Jumatano ile mazoezini nikaletewa kiti. Kilikuwa cha mzee Yona, mwimbaji wetu wa besi mwenye magoti mabovu, alinipisha mwenyewe. Nilikaa. Kilikuwa kiti kitamu kuliko vyote nilivyowahi kukalia.

Uongo ukianza huwa unajitafutia chakula wenyewe. Nilikuwa nakula udongo, ule wa vipande unaouzwa sokoni, kwa sababu ya kupungukiwa damu, lakini mimi sikulijua hilo. Wenzangu wakiniona wanacheka, wanasema huyo ni wa kiume. Wakiniuliza kliniki, nasema naenda Dar. Na mmoja wetu ana ndugu hapa Kisarawe, habari ikafika huku kabla ya magauni kushonwa. Jioni moja mama alimpigia simu Elia. Nilisikia sauti yake ikitoka kwenye simu, analia na kucheka kwa pamoja. Elia akaniangalia. Alikuwa anajua, mashuka aliyafua yeye. Akaanza, "Mama, sikiliza," halafu akashindwa, akasema tu, "Ndiyo, mama. Asante, mama." Alipokata simu aliniambia, "Mke wangu, waambie watu. Mimi siwezi kumwambia yule peke yangu." Nikasema nitawaambia. Sikuwaambia. Ilikuwa imebaki wiki moja tukabidhiwe sare.

Edina alijifungua. Mnajua desturi yetu, mnakwenda kumwona mzazi, mnachukua sabuni, khanga, mchele, mnamshika mtoto. Kwaya nzima ilikwenda. Mimi nilitoa sabuni mche mmoja kwa jirani ampelekee, nikasema miguu inaniuma. Ndiyo roho ya korosho hiyo, ndugu zangu, na ninyi watu wa Kisarawe hamhitaji kufundishwa korosho. Mwezi mzima nilikuwa nasikia mtoto analia nyumba ya tatu, na mimi natia pamba masikioni.

Ndipo mama akaja. Alitoka hapa asubuhi na mfuko wake, ndani ana khanga aliyombebea Elia akiwa mtoto. Aliitunza miaka yote hiyo kwenye sanduku, inanukia karafuu. Akaitandaza kitandani akaniambia, "Tuisubiri pamoja." Nilimwambia naenda kuoga. Nikaingia bafuni nikiwa na lengo la kulia, lakini damu ilinianza kwa namna ambayo sijawahi kuiona, nikaanguka pale chini kati ya ndoo na mlango.

Mama alipiga yowe kwamba mimba inatoka. Wa kwanza kufika alikuwa Edina, mtoto mgongoni. Yeye ndiye aliyenifunga khanga, yeye ndiye aliyesimamisha bajaji, yeye ndiye aliyenishika kichwa njia nzima. Nilikuwa sina nguvu hata ya kumchukia.

Hospitali muuguzi akauliza, "Mimba ya miezi mingapi?" Mama akajibu haraka, "Wa tisa huu, mwanangu." Muuguzi akaniinamia na kile kifaa cha kusikilizia mtoto. Hapo ndipo nilipofika mwisho wa barabara. Nilijua wakinishughulikia kama mjamzito nitakufa na uongo wangu. Nikasema, "Sina mimba."

Muuguzi akasema, "Unasemaje, mama?"

"Sina mimba. Sijawahi kuwa nayo. Ni uvimbe, na nilikuwa najua."

Mama yangu alikaa chini sakafuni, pale pale alipokuwa amesimama. Edina alimhamisha mtoto kutoka mgongoni kuja kifuani, akaendelea kunishika mkono. Yule muuguzi alinitazama, akasema taratibu bila kunikaripia, "Mficha uchi hazai, dada yangu." Nimesikia methali ile tangu shule ya msingi. Siku ile iliingia mpaka mfupani.

Niliongezwa damu, nikalazwa siku kadhaa. Daktari aliponipima kwa picha alikuta uvimbe mwingi, mmoja peke yake ni mkubwa kama kichwa cha mtoto. Nikamwambia nafahamu, mnataka kunitoa kizazi. Akavuta kiti akakaa. Akauliza nani aliniambia hivyo, nikamtaja shangazi. Akasema, "Ya shangazi yako siijui. Wewe ni wewe." Akanieleza kwamba inawezekana kuutoa uvimbe peke yake, kizazi kikashonwa kikabaki. Lakini hakunificha. Alisema upasuaji wa namna hiyo unaweza kumwaga damu nyingi, na uvimbe wangu ulikuwa umekaa pabaya. Ikifika mahali maisha yangu yako hatarini, atakitoa kizazi, na nitaweka saini kukubali hilo kabla ya kuingia. Nikapewa vidonge vya kuongeza damu, nikaambiwa nirudi baada ya wiki kadhaa, na ndugu zangu waje kuchangia damu ya akiba.

Ndugu zangu wako Njombe. Huku nina Elia na mdogo wake, basi. Watu wengine wote ninaoweza kuwaita ndugu Kibaha ni kwaya, wale wale niliowakalia kwenye kiti miezi mitano. Kizazi changu kilikuwa mikononi mwa watu niliowadanganya.

Jumatano nikaenda mazoezini nimevaa gauni langu la mikunjo. Kiti kikaletwa, nikakataa kukaa. Nikawaambia yote, futi ya fundi, daftari, kliniki ya Dar, mpaka sabuni ya mche mmoja. Nikawaambia nahitaji damu yao na sistahili. Akina mama wawili walichukua mikoba yao wakatoka, na mmoja mpaka leo nikimsalimu anaangalia pembeni. Ana haki yake. Mimi nikaanza kuhesabu vigae vya sakafu. Halafu mzee Yona akakohoa, akasema, "Sasa mwanangu, kama ni hivyo, mimi kiti changu nirudishiwe." Watu wakacheka, na wengine kicheko kikageuka machozi, na mwalimu wa kwaya akauliza siku ya kwenda kutoa damu ni lini.

Walikuja. Mzee Yona alikataliwa kwa umri, akakasirika kweli. Edina alikuja na mume wake, akapanga foleni kama wengine. Alipofika mbele, muuguzi akaona gauni lake limelowa kifuani, maziwa yametoka kwa sababu alimwacha mtoto nyumbani. Akamwambia, "Mama unanyonyesha, wewe hatuchukui." Akatolewa kwenye foleni. Na hapo, ndugu zangu, mtu aliyenibeba nikiwa nusu mfu, amekuja kunipa damu, mimi nikaona wivu. Niliona wivu wa doa la maziwa. Nilijichukia mpaka nikakaa kwenye ngazi nikajifunika uso.

Edina akaja kukaa pembeni yangu. Nikaona liwalo na liwe, nikamwambia, "Edina, nakuonea wivu tangu siku ya kwanza."

Akasema, "Najua. Nilijua pia huna mimba."

Nikamtazama.

"Nilikuwa naona mashuka," akasema. "Kila mwezi shemeji Elia anaanika mashuka. Mjamzito gani wa hivyo? Nilipaswa kuja kukushika mkono tuende hospitali. Sikuja. Nilikuwa na wivu wangu na mimi, dada Vero. Mume wangu hajawahi kunifulia hata leso. Nilikuwa nakaa dirishani nakuonea wivu, nasema huyu acha atajijua mwenyewe na mume wake mzuri."

Tulilia pale kwenye ngazi, watu wanapita wanadhani tumefiwa. Nimeomba ruhusa yake kulisema hili leo, na amekubali kwa kichwa tu, kwa hiyo msimtazame sana.

Siku ya upasuaji niliweka saini. Niliusoma mara mbili ule mstari unaosema kizazi kinaweza kutolewa. Niliomba sala fupi kuliko zote za maisha yangu. Nilisema, Bwana, sitakudanganya na wewe, nakitaka. Nikachomwa sindano, nikalala.

Nilipozinduka koo limekauka na tumbo linawaka moto. Kulikuwa na muuguzi ananipima shinikizo la damu. Sikuuliza saa wala siku. Nikauliza, "Kipo?"

Akasema, "Kipo."

Nililia taratibu maana kidonda kilikuwa kinauma. Baadaye waliniambia damu ilitoka nyingi kweli, na chupa za kwaya zilitumika zote isipokuwa moja. Daktari alimwita mama ampe taarifa na kumwonyesha kilichotolewa, kama wanavyofanya. Ulikuwa uvimbe kumi na mmoja kwenye beseni. Mama aliusimamia kitambo, akauangalia mmoja mmoja, halafu akasema, "Kumbe ndio ninyi niliokuwa nawaletea khanga." Wauguzi walicheka mpaka wakashika ukuta. Mama hakucheka. Alirudi wodini, akaifungua ile khanga yenye karafuu, akanifunika mimi miguu. Hajanisema mpaka leo. Angenisema ningepumua.

Mama, nakuomba msamaha hapa, mbele ya watu waliokupigia vigelegele. Kuku niliyeingia naye asubuhi ni wangu, wa kushukuru kwa kizazi kilichobaki, na mihogo nimeinunua mwenyewe.

Mtaniuliza mtoto yuko wapi. Hayupo. Daktari alisema tusubiri kwanza kidonda cha ndani kipone, akasema nikipata mimba huenda nikajifungua kwa upasuaji, na kwamba uvimbe unaweza kurudi, kwa hiyo naenda kupimwa na sasa siugusi mkoba mpaka daktari amalize. Tumesubiri, tumepona, tunaendelea kuomba. Na wiki iliyopita Edina ameniambia ana mimba ya pili. Wivu ulipanda kama maziwa jikoni. Daktari aliutoa uvimbe, wivu hakuukuta kwenye picha. Lakini sasa siufuniki. Nilimwambia pale pale, "Edina, umeniuma." Akasema, "Pole. Hebu nishikie mtoto." Nikamshika. Ni mzito yule mtoto, na anavuta hereni.

Dada yangu uliyekaa humu, tumbo limejaa na hakuna aliye ndani, au damu inakumaliza na umemwambia mtu ni uchovu tu, nakuita. Mtumaini Mungu, na kumtumaini kwako kukupeleke hospitali. Usikimbie kabla daktari hajamaliza sentensi. Ukiogopa, nifuate pale nje, nitakwenda nawe mimi mwenyewe, na ukiwa na wivu nitakuwa mtu wa kukuelewa.

Gauni mnaloliona ndilo lile. Nilipopona lilinipwaya, nikalirudisha Kongowe. Fundi Shabani alifungua daftari lake, akalifuta lile neno pembeni ya jina langu, akaniomba radhi, nikamwambia kosa halikuwa lake. Akashika mkasi aiondoe ile mikunjo, lipungue. Nikamshika mkono. Nikamwambia, "Fundi, usikate. Kunja kwa ndani, piga uzi mwepesi, siku ikihitajika ufumuke."

Akanielewa. Alikunja kila kitu ndani, huku nje hakionekani. Lakini nikipitisha mkono hapa tumboni naugusa upana wote wa kitambaa. Kipo.

Nilisema nitawaomba muitikie tena mkishanisikia. Bwana asifiwe.